Mtihani wa Kuweka Mfumo

Siku ya mtihani wa kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta, chuoni kwetu Machakos, niligonga meza kwa ngumi. Nilikuwa nimemwuliza mwalimu skrini imeandika nini, naye akanijibu, "Soma mwenyewe, mama, kama wengine." Darasa likacheka. Mimi sioni, na wote walijua.

Programu ya kunisomea kwa sauti haisemi kitu mpaka mfumo umalize kuingia. Kwa hiyo nilikuwa nimekariri kila kitufe, na saa ya kukibonyeza niliijua kwa mlio wa CD. Asubuhi hiyo walileta CD nyingine bila kuniambia. Nikabonyeza nisichokijua, mashine ikanyamaza.

"Si ungebaki kusuka viondo tu," akasema mwalimu.

Mtoto wangu wa miezi minne nilikuwa nimemwachia mama yangu kijijini Muthetheni kwa ajili ya hicho cheti. Nililia chooni, maziwa yakilowesha blauzi.

Halafu nikamwandikia mkuu wa chuo malalamiko: nirudie mtihani, na awepo mtu wa kunisomea skrini. Niliandika kwa breli. Karani akazipapasa karatasi. "Na hii nani atasoma?"

Nikamwambia wamtafute mtu awasomee, kama nilivyoomba mimi.