Mfalme Aliyetoka Mapema

Binti yangu hucheza chesi kwenye simu, na kila kete inapotua, simu hulia tok! Sauti hiyo hunirudisha utotoni, mtaani Mamboleo, kwenye sebule yetu, mvua za kwanza zikipiga mabati, nami nikikaribia kulia kwa hasira.

Mwalimu alikuwa amesema angechagua timu ya shule Jumatatu, nami niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Alitufunza kuanza vizuri: sogeza askari wa katikati, toa farasi, kisha mfiche mfalme pembeni upesi. Sikuwa na mtu wa kufanya naye mazoezi ila Baba.

Jamani, Baba! Tuliweka ubao juu ya gunia la mbegu za mahindi, maana meza ilikuwa imekaliwa na cherehani ya Mama. Akasogeza askari mmoja, papo hapo akamtoa mfalme. Mfalme! Peke yake, kifua mbele, hadi katikati ya ubao. Nikamshinda kabla chai haijapoa. Tukapanga upya, akamtoa tena.

"Baba, mfalme hatoki mapema! Watamkula."

"Sasa huyu mkubwa anangoja nini?" akauliza. "Watoto wote wako nje, yeye amekaa tu kwa nyumba. Atoke kwanza, wengine wafuate."

Nilimweleza mpaka koo likakauka. Wikendi nzima nikamshinda kwa kosa lilelile. Jumatatu nikakutana na msichana aliyemficha mfalme wake kama mwalimu alivyotaka, nikaduwaa, sijui nianzie wapi. Timu ikaenda bila mimi. Nilimnunia Baba hadi shule zikafungwa.

Likizo tulienda kijijini kwetu, Asembo. Mahindi ya majirani yalikuwa yamefika magotini, shamba letu lilikuwa tupu. Kwa mila yetu mdogo hapandi kabla ya mkubwa wake, na Baba Mkubwa, kaka yake Baba, alikuwa hajapanda. Kila alipopigiwa simu alisema, "Ngoja kidogo." Aliposhika jembe hatimaye, mvua ilikuwa imekwisha. Mwaka ule tulinunua unga mpaka Mama akachoka kulalamika.

Hata hapo sikuelewa. Ilibidi niwe mtu mzima ndipo nilikumbuke lile gunia chini ya ubao wetu, limejaa, limefungwa kamba, na Baba akimsukuma mfalme wake mbele. Huyu mkubwa anangoja nini? Baba hakuweza kumwuliza kaka yake. Basi aliniuliza mimi.