Asali Iliyokuja Bila Mwenyewe

Ndoo ililetwa na dereva wa Fuso la dagaa. Alisimamisha gari pembeni ya barabara, akaibeba mpaka mlangoni kwangu, akaiweka chini na kujifuta mikono kwenye suruali. Ilikuwa ndoo nyeupe ya plastiki, ya zile zinazouzwa na rangi ya ukuta, mfuniko wake umekazwa kwa mpira wa baiskeli. Ilinuka dagaa, maana ilisafiri kutoka upande wa Wampembe, kule ziwani, katikati ya magunia yao.

"Ni ya mzee," alisema. "Imetoka kwa mdogo wake kule msituni. Amesema, mpeni kaka."

"Amesema nini kingine?"

"Hicho tu, dada. Ngoja niwahi sokoni."

Baba alikuwa sebuleni, amejikunyata ndani ya koti lake zito. Ilikuwa Juni, na mtu ambaye hajawahi kukaa Sumbawanga mwezi wa Juni hawezi kuelewa upepo wetu. Alikuwa amehamia kwangu, mtaa wa Mazwi, baada ya mama kufariki, kwa sababu nyumba ya kijijini ilimshinda kukaa peke yake. Baridi ilipoanza, kikohozi nacho kikaanza. Alikuwa ameyasikia maneno yote ya dereva. Nilipoingia na ndoo hakunyanyua kichwa.

"Ni nini?"

"Asali, baba. Ya baba mdogo."

Alikohoa, kisha akasema, "Asali haitembei bila mwenyewe. Iweke stoo. Asiiguse mtu."

Sikubishana naye. Mimi mwenyewe nilipoifungua kidogo kuchungulia, mkono wangu haukuwa na raha.

Lazima nieleze sababu. Mama alipougua, alivimba tumbo, akakonda usoni mpaka tukawa tunaogopa kumpiga picha. Daktari alituambia mapema kwamba ni ini, na kwamba tulichelewa. Lakini ugonjwa mrefu una wageni wengi, na kila mgeni huja na maneno yake. Katika siku hizo baba mdogo alipanda kutoka kwake, akamletea mama chupa ya asali. Anaishi kwenye mteremko wa kushuka ziwani, kwenye msitu wa miyombo, na kazi yake tangu ujana ni kutundika mizinga juu ya miti. Mama aliifurahia ile asali. Chakula kilikuwa hakipiti, lakini asali aliilamba kwa kidole kama mtoto. Wiki hiyohiyo hali yake ikabadilika, akafa.

Watu wakaziunganisha hizo habari mbili. Na baba mdogo hakuja kuzika. Tulimngoja, tukachelewesha hata kufunika kaburi, hakutokea. Hakupiga simu wala hakutuma mtu. Kwetu huko, ndugu asiyekuja msibani amejishtaki mwenyewe. Tangu hapo jina lake halikutajwa nyumbani, mpaka hiyo ndoo ilipokuja.

Jirani yangu, mama mmoja anayeuza mkaa nyumba ya pili, aliiona ikishushwa. Jioni hiyohiyo akaja na kiberiti chake.

"Twende tukaipime," alisema. "Asali ya kweli ukichovya njiti ukaiwasha, inawaka. Ya sukari haiwaki."

Tukaingia stoo kama wezi. Akachovya njiti, akaikwangua, ikawaka. Akatabasamu. Baba akasema kutoka sebuleni, "Hakuna aliyesema ni sukari. Sumu nayo haizimi kiberiti."

Siku zilizofuata, wasiwasi ulipata chakula chake. Sisimizi wa stoo yangu ni wakorofi. Nikisahau kufunika sukari wanajipanga mstari kutoka ukutani. Lakini ile ndoo, ambayo mdomo wake ulikuwa umechuruzika asali pembeni, hawakuikaribia. Jirani akasema hiyo ndiyo dalili ya asali safi ya msituni, sisimizi hawaigusi. Baba akasema, "Hata sisimizi wameikataa." Nikabaki na maneno mawili kichwani, na yote mawili yaliniingia akilini.

Kisha ikaganda. Nilifungua asubuhi moja nikakuta ile asali nyeusi, laini, imekuwa nzito yenye chembechembe, imepauka juu kama mafuta ya ng'ombe. Nilishtuka nikamwita baba. Alikuja akainama, akaitazama kwa muda.

"Kuna unga humu," alisema.

"Labda ni baridi, baba. Jirani anasema asali ikipata baridi inaganda, unaiweka chupa kwenye maji ya moto inarudi."

"Jirani yako anajua mengi."

Kilichoharibu kabisa ni mjukuu wa huyo jirani. Binti yake alikuwa amejifungua, na mtoto, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua, akawa anakohoa. Jirani akaja na kikombe.

"Nipe kijiko kimoja tu, nimlambishe."

Nikamkatalia. Kliniki wametufundisha, na wanangu niliwalea hivyo, kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali, hata ingekuwa safi namna gani, inaweza kumdhuru. Nikamwambia hivyo, na nikamwambia ampeleke hospitali akapimwe. Aliniangalia kwa macho yaliyobadilika.

"Sisi wote tulilambishwa asali tukiwa wachanga. Sema ukweli, dada. Kuna kitu kwenye hiyo ndoo."

"Hakuna kitu."

"Basi mbona ninyi wenyewe hamli?"

Nikamrudishia kikombe chake kitupu. Alimpeleka mtoto hospitali, nashukuru, lakini mtaani likatoka neno kwamba kwangu kuna asali ileile iliyommaliza mama yangu. Nikawa nikipita na mtungi wa maji, watu wanapunguza sauti.

Nikaona niulize mwenyewe. Namba ya baba mdogo nilikuwa nayo, sikuwahi kuifuta. Nikapiga. Akapokea mama mdogo, mkewe. Nilipojitambulisha, simu ikakaa kimya. Nikawa nasikia kuku wake wakilia, kisha ikakatwa. Nikapiga tena, haipatikani. Nikaanza kuwaza kwamba baba yuko sahihi. Kesho yake ikaingia simu kutoka namba hiyo. Alikuwa baba mdogo mwenyewe, upepo unampiga mdomoni, maana kwao mtandao huja na kupotea, mpaka upande kilimani ndipo utulie.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Baba yako ameila?"

Hakuuliza tunaendeleaje. Hakuuliza habari za watoto. Swali la kwanza ni kama ameila.

"Bado," nikasema.

"Kwa nini?"

Nikahamishia simu sikio la pili. Akapumua, nikamsikia.

"Nimeelewa, mwanangu. Nitakuja."

Swali lake lile sikumwambia baba. Nililibeba peke yangu, na kila nilipopita mlango wa stoo nilikuwa nahakikisha komeo limefungwa.

Alikuja Jumamosi, mchana, kwa miguu kutoka stendi. Nilimkumbuka mtu mnene kidogo mwenye kicheko. Aliyesimama mlangoni alikuwa mwembamba, vidole vimevimba kwenye viungo, shati linanuka moshi wa mizinga. Alivua kofia.

"Shikamoo, kaka."

Baba aliitikia bila kunyoosha mkono. "Marahaba."

Alikaa kiti cha karibu na mlango, ukingoni, kama mtu anayetarajia kuambiwa aondoke. Nikatengeneza chai ya tangawizi, nikamwekea mbele yake. Alikishika kikombe kwa mikono miwili apate joto, lakini hakunywa. Nilidhani ni ya moto. Chai ikapoa, hakunywa. Aliitazama tu, kisha akanitazama mimi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu, anayekupa pombe huonja kwanza yeye, ndipo wewe unywe. Huyu mtu alikuwa anangoja tuonje. Tulikuwa tumekaa wiki nzima tukimwogopa, naye amesafiri njia yote hiyo akituogopa sisi. Nilichukua kikombe chake, nikanywa funda moja, nikamrudishia. Akanywa chote bila kupumzika.

"Lete ndoo," akasema. "Na kijiko."

Nikaileta, nikafungua. Alichota juu, akala. Baba hakupepesa macho.

"Ya juu kila mtu anaweza kula," baba akasema. "Chota chini."

Asali ilikuwa imeganda, na kijiko kikapinda. Baba mdogo akakunja mkono wa shati, akazamisha mkono karibu na kiwiko, akachimba. Alichotoa kilikuwa cheusi zaidi, kina vipande vya nta na bawa la nyuki. Akaweka mdomoni, akatafuna, akatema nta kiganjani.

"Na pembeni."

Akachota upande wa kulia. Akachota na wa kushoto. Midomo yake ilikuwa inang'aa. Kisha akaweka kijiko chini.

"Kaka, ukitaka nitaimaliza ndoo yote. Lakini nitaharisha hapa kwa binti yako, halafu utasema ni sumu."

Baba alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikambana mpaka nikamshika mabega. Kilipotulia, ndipo nikauliza nilichokuwa nimekibeba.

"Baba mdogo, kwa nini kwenye simu uliuliza kwanza kama ameila?"

"Dereva aliniambia kaka anakohoa usiku kucha. Nikarina mzinga ambao nilikuwa naungoja, nikaituma asali. Nilitaka kujua kama imemsaidia. Ningeuliza nini?"

"Na msibani?" baba akasema. Hakuuliza kwa hasira. Sauti ilikuwa ndogo. "Mbona hukuja?"

"Nilikuja." Alikuwa anaifuta mikono yake kwa kitambaa nilichompa, polepole, kidole kimoja kimoja. "Nilifika mpaka Namanyere. Pale stendi nikakutana na watu wa kwetu wanatoka huku. Wakaniambia, usiende, watakuua, wamesema ni asali yako. Nikauliza, nani amesema? Wakasema, kaka yako mwenyewe. Nikageuza."

Nje, bodaboda ilipita ikipiga honi. Mimi nilikuwa sijui. Nilidhani maneno yale yalizaliwa mtaani, kama yanavyozaliwa maneno mengine.

"Ulisema, kaka?"

"Nilisema."

"Uliamini?"

Baba aliyainamia magoti yake. "Mke wangu alikuwa amekufa. Daktari ananiambia ini. Ini nitaligombeza vipi? Nilitafuta mtu."

Baba mdogo hakusema amemsamehe, na baba hakuomba. Baadaye kidogo baba alinyoosha mkono, akachukua kile kijiko kilichopinda, akachota kutoka kwenye shimo alilochimba mdogo wake, akala. Nami nikachota. Niliingoja iniume, nakiri, niliingoja. Ilianza na utamu wa moshi, kisha ikaja na uchungu kidogo nyuma ya ulimi, kama jani lililotafunwa. Baba mdogo akasema asali hufuata maua. Mwaka mwingine huwa nyepesi na ya njano, mwaka huo nyuki walikuwa wamekula maua ya miti mingine.

Alikaa mpaka Jumatatu. Alinionyesha namna ya kuiyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu bila kuiweka motoni. Baba akawa anaikoroga kwenye tangawizi asubuhi na kwenye uji wa ulezi jioni. Koo lilipoa, usingizi ukarudi, lakini kifua kilikuwa bado kinakoroma, nikampeleka hospitali. Wakamkuta na maambukizi, wakampa dawa. Kwa hiyo siwezi kusema asali ilimponya. Ilimlainishia koo wakati dawa inafanya kazi yake. Mimi niliipaka midomo yangu iliyopasuka kwa upepo, ikaacha kutoka damu. Mwanangu mkubwa alipoungua mkono kwa sufuria, kajeraha kadogo, nilikaosha kwa maji ya baridi kisha nikapaka kidogo, kama alivyokuwa akifanya mama.

Jumatatu asubuhi, kabla hajaenda stendi, baba mdogo aliomba apelekwe kaburini kwa mama. Baba akavaa koti, wakaondoka wawili. Sikwenda. Waliporudi, viatu vyao vilikuwa na udongo mwekundu. Walinawa mikono kwenye beseni moja.

Jirani ameanza tena kuja kwangu, ingawa asali hajaomba tena. Nadhani kwake ndoo ile ina kitu hadi leo, na sijui ningemwonyesha nini aache kuamini. Baba naye, ndoo mpya ikija, hunisubiri nifungue mimi. Hasemi kwa nini. Lakini jioni, mtandao ukikubali, humpigia mdogo wake simu, na nawasikia wakibishana kuhusu mvua, nani kati yao anakumbuka vizuri mwaka ule mahindi yalipokauka yakiwa na mbelewele.