Geti kwa Geti, Naftaly Alirudisha Jina la Bintiye

Jua halijachomoza bado juu ya mashamba ya Dundori, na Naftaly Makokha ameuma mdomo wa chini kama mtu anayezuia kicheko kanisani. Pikipiki yake inanguruma kwenye geti la kwanza. Mitungi ya maziwa inagongana nyuma yake, ukungu umelalia viazi, na baridi inakata masikio. Anasalimu, anapima maziwa, anamimina, anaondoka.

Wanaomjua wanashangaa. Naftaly ni msemaji! Akinunua tairi jipya, kabla ya chai ya saa nne Dundori nzima imeshajua bei yake na alivyoipunguza. Leo amebeba habari tamu kuliko tairi lolote. Bintiye wa kwanza, Valarie Nangila, aliyeanguka mtihani wake wa kwanza chuo kikuu, ameurudia na kuupita. Alipiga simu jana jioni.

Na baba mtu ameapa kupita mageti yote bila kuitangaza.

"Inaniwasha hapa," anasema, akijigusa kooni. "Lakini mdomo huu ulishaniponza. Leo nitameza mate tu."

Naftaly ana umri wa miaka arobaini na sita. Alizaliwa katika nyumba za reli mjini Nakuru, mjukuu wa mtu aliyetoka Bungoma kuja kutengeneza njia ya treni. Alipooa alihamia huku juu kwenye baridi, na kwa miaka mingi sasa kazi yake ni kuchukua maziwa kwenye mageti ya wakulima na kuyafikisha kituo cha kupoza maziwa. Hulipwa shilingi tatu kwa lita. Kazi hiyo haijamtajirisha, ila imemfanya ajulikane na kila nyumba, mbwa wa nyumba hizo wakiwemo.

Ndiyo maana mwaka jana, Nangila alipoitwa chuo kikuu upande wa Kisumu kusomea udaktari, habari haikuhitaji redio.

"Sikusema mtoto ameitwa chuo," anakumbuka, akitikisa kichwa. "Nilisema, 'Sasa mko na daktari wenu!' Yaani hata sanduku alikuwa hajanunua."

Kufikia jioni ya siku hiyo Nangila hakuwa Nangila tena. Alikuwa Daktari. Mama Chesang, mfugaji wa ng'ombe wanne karibu na kanisa, alimletea Naftaly kikombe cha chai getini na kumwita Baba Daktari. Jina hilo lilimwingia Naftaly vizuri sana. Anakiri kwamba siku zilizofuata alikuwa akizima pikipiki mapema kidogo kabla ya kila geti, ili aitwe vizuri bila kelele za injini.

Mzee Muiruri ndiye aliyefurahi kupita wote. Ana zaidi ya miaka sabini na goti la kulia limemtesa kwa muda mrefu. Alitangaza kwamba hatanunua tena vidonge vya dukani. Atamsubiri Daktari wake. Kisha akatoa godoro jipya la kwenda nalo hosteli.

Siku ya kuondoka, Nangila alitembea na wazazi wake kutoka nyumbani hadi steji ya matatu. Kila geti alitoka mtu. Huyu mayai, yule blanketi, mwingine maombi. "Daktari! Daktari, usitusahau!" Binti alitabasamu njia nzima.

Mamake, Nekoye, ambaye hushona sare za shule, alikuwa amemshika mkono. "Mkono ulikuwa umelowa jasho, na hapa ni Dundori," anasema. "Nikajua mtoto wangu ana woga. Lakini ungeongea saa ngapi na makelele yale yote?"

Chuoni mambo hayakwenda. Simu za Nangila zikawa fupi. Baba akipiga, swali la kwanza lilikuwa, "Daktari, mitihani inasemaje?" naye angejibu, "Iko sawa, baba," kisha mtandao unakatika. Naftaly alilaumu mtandao.

Ukweli ulikuja Jumapili moja mchana, wiki chache kabla ya mapumziko mafupi. Naftaly alikuwa nje, amefungua gurudumu la pikipiki azibe pancha. Nekoye alikuwa jikoni akiongea na Nangila huku akisonga ugali, simu ameilaza mezani kwa sauti ya juu. Dirisha lilikuwa wazi.

"Mama, mimi sikuji nyumbani. Nitakaa tu hosteli."

"Kwa nini?"

"Nimeanguka mtihani wa mifupa na viungo. Wenzangu wanaongea vitu sijawahi kusikia. Nilienda nikajifungia, sijaenda darasani siku kadhaa."

"Basi njoo upumzike, mwanangu."

"Nitapita wapi, mama?"

Nekoye hakuelewa.

"Kutoka steji mpaka kwetu, nitapita wapi? Kila geti ni Daktari, Daktari. Nitawaambia nini? Hata kuacha shule siwezi. Godoro ya Mzee Muiruri ndiyo nalalia!" Kisha akaanza kulia.

Nje, Naftaly alikuwa ameshika mpira wa pancha mkononi na hajui aupeleke wapi. "Moyo ulinishuka hadi kwenye gambuti miguuni," anasema. "Nilikuwa nimemfungia mtoto njia ya kwao, na nilifanya hivyo nikicheka."

Aliingia jikoni mbio, mikono ina gundi, tayari kutoa hotuba ya kujikaza na kumtumaini Mungu. Nekoye akamwinulia mwiko. Naftaly akasimama hapo hapo.

"Nangila, nisikilize," mama akasema. "Hapa hatuna haja ya daktari. Tunamtaka Nangila. Njoo ulale kitanda chako, ule ushibe. Ukitaka kuacha, tutakaa chini tuongee. Hakuna mtu atakukasirikia."

Nangila akapenga kamasi.

"Na baba?"

"Huyo niachie."

Kilichofuata Naftaly anakisimulia kwa sauti ya chini, akichungulia kama mkewe yuko karibu. Wazo lake la kwanza lilikuwa kukodi gari, wamchukue binti giza likishaingia, wamfikishe nyumbani bila mtu kumwona.

"Umfiche kama ng'ombe wa wizi?" Nekoye alimuuliza. "Mtoto hajaiba. Wewe ndiwe ulizunguka ukitangaza. Zunguka tena, uwaambie wamwite jina lake."

"Watanicheka."

"Wacha wakucheke. Kwani wewe unashindwa kuchekwa? Ama ni hilo jina la Baba Daktari hutaki kuacha?"

Ilimchoma, anasema, kwa sababu ilikuwa kweli.

Asubuhi iliyofuata alianza kwa Mama Chesang. Alipoitwa Baba Daktari, alizima injini na kutoa kofia ya pikipiki.

"Mama Chesang, naomba kitu. Msichana wangu bado anasoma. Kusoma kwenyewe ni kugumu, na hilo jina linamlemea. Akija, usimwite Daktari. Na usimuulize mitihani."

Mama Chesang alimkazia macho. "Sasa tumwite nani?"

"Jina lake."

"Ndilo hilo nauliza, baba. Anaitwa nani?"

Naftaly anasema hapo ndipo alipoona uzito wa mambo. Mama huyu alimbeba Nangila mgongoni akiwa mchanga. Miezi michache ya Daktari, na jina limemtoka kichwani!

"Nangila," akamwambia. "Anaitwa Nangila."

Geti baada ya geti, aliomba hivyo hivyo. Hakusema kuhusu kuanguka mtihani. Hiyo ilikuwa siri ya Nangila mwenyewe. Kuna waliocheka. Kuna mmoja aliyeguna na kusema watoto wa siku hizi wamedekezwa, kumwita mtu daktari ni tusi tangu lini? Naftaly alipima maziwa ya huyo bwana, akamshukuru, akaenda zake. Kwa mtu mwenye mdomo wake, huo ulikuwa muujiza.

Geti aliloliogopa lilikuwa la Mzee Muiruri, kwa sababu ya godoro na kwa sababu ya goti. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, ameegemea mlango wa bati.

"Mwanangu tulimwita Injinia," alisema. "Kamande. Alipoenda koleji tulichinja. Sijui alikwama wapi, hakutuambia. Siku hizi yuko huko Longonot, anafanya kazi ya mashamba. Huja Nakuru mjini kununua vitu na anarudi. Huku kwetu hapandi." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, bila kujificha. "Mwambie Nangila aje."

Alhamisi ya mapumziko Naftaly alimfuata Nangila steji kwa pikipiki. Binti alikaa nyuma, katikati ya mitungi mitupu, amevuta kofia ya jaketi hadi machoni. Baba naye, kwa amri ya mkewe, hakuuliza neno.

Kwenye geti la kwanza Mama Chesang alikuwa tayari barabarani, ndoo mkononi, na inaonekana alikuwa akifanya mazoezi. "Nangila!" alipaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya mto. "Nangila wetu! Umekonda, wewe! Kwani huko hawapiki?"

Geti la pili, "Nangila, karibu nyumbani." La tatu, "Nangila, ng'ombe wetu amezaa, kuja uone." Hata yule bwana wa kuguna aliinua mkono na kusema, "Sasa, Nangila." Mbele kidogo, Naftaly alitupa jicho kwenye kioo cha pikipiki na kuona kofia ya jaketi imeshuka mabegani.

Mzee Muiruri alikuwa amesimama katikati ya njia. Naftaly alisimamisha pikipiki. Mzee huyu akiteleza ulimi, kazi yote imekwisha.

"Nangila wa Makokha," mzee akasema.

"Shikamoo, mzee." Na kabla babake hajapata la kusema, akauliza mwenyewe, "Goti linaendeleaje?"

"Goti langu halina haraka," Muiruri akajibu. "Nenda ukakule."

Nangila alicheka. Kisha akaegemeza paji la uso kwenye mgongo wa baba na kulia hadi nyumbani, na Naftaly akaendesha polepole, akilia pia. "Upepo," alimwambia mkewe walipofika. Nekoye alikuwa ameshamkumbatia mtoto.

Siku zile Nangila alilala, akala, akakama ng'ombe, akamshonea mamake vifungo vya mashati ya shule. Hakuna aliyegusia chuo. Ni yeye mwenyewe aliyekigusia jioni ya mwisho wakila. Alisema angependa kujaribu tena, na kwamba kuna mwalimu anayesaidia waliokwama, ila alikuwa ameona haya kumwendea.

"Ukishindwa tena?" mama akamuuliza, kwa upole.

"Nitakuja niwaambie."

"Njia iko," Naftaly akasema. Anasema hiyo ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

Tangu hapo simu zimebadilika. Wazazi hupiga Jumapili, na swali la kwanza ni amekula nini. Halafu wanampa habari za nyumbani: mbwa wa Mama Chesang ameiba kiatu cha mchungaji, mashine ya kushona imeharibika tena, viazi vimekubali. Mitihani akitaka kuitaja, ataitaja yeye.

"Walikuwa wananitumia kila kitu isipokuwa nafasi ya kushindwa," Nangila anasema kwa simu kutoka chuoni. "Siku mama aliposema naweza kuacha, ndipo nikajua sitaki kuacha." Anakubali hadithi yake iandikwe, kwa sharti moja. "Usiniite daktari. Bado."

Naye Naftaly anaendelea na safari yake, habari njema ikimwasha kooni. Mama Chesang anamuuliza, "Nangila ameamkaje?" Anajibu ameamka salama, na anakazana na kifuniko cha mtungi kama kimekwama. Hakijakwama.

Lakini kuna geti moja aliloruhusiwa. Jana, baada ya kumwambia matokeo, Nangila alimpa ujumbe wa mtu mmoja tu.

Mzee Muiruri anatoka na maziwa yake, anachechemea. Naftaly anazima pikipiki. Anakohoa. Anaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

"Mzee, Nangila amenituma. Alianguka mtihani wa mifupa, akaurudia. Na anasema nimwambie Mzee Muiruri hivi: swali la goti lilikuja."

"Swali la nini?"

"La goti! Anasema alipoliona alikuona wewe umesimama hapa getini, vile unavyoinuka, vile unavyokanyaga. Akaandika yote. Amepita."

Mzee anaweka ndoo chini. Anaangalia goti lake la kulia, kisha anamwangalia Naftaly, na uso wote unakunjuka.

"Kumbe goti langu limefika chuo kikuu!" Anacheka hadi anashika geti. "Na limepita!"

Naftaly anamsihi asimwambie mtu. Ana mipango yake, anaeleza akimimina maziwa: kijana wake wa pili anamaliza sekondari mwakani, na akiitwa chuo, wataandamana wawili tu kimya kimya hadi steji, na watu wakiuliza atasema ameenda shule. Kuhusu Nangila ana tumaini moja tu. Siku atakapomaliza, afike au asifike huko kwa udaktari, apite mageti haya mchana, kichwa kikiwa juu.

Mzee Muiruri hamsikilizi tena. Ametoa simu mfukoni, anaisogeza mbali na macho ili aone vizuri, na anatafuta jina. Hajalitafuta kwa muda mrefu, inaonekana, maana kidole kinapita majina yote na kurudi juu.

"Sitamwambia mtu wa hapa," anasema. "Nampigia tu wa Longonot." Simu inalia, inalia, kisha kuna sauti ya mtu. Mzee anavuta pumzi.

"Kamande," anasema. "Kamande, ni baba. Hakuna ubaya wowote. Nataka tu nikuchekeshe."