Hereni za Shaba ya Mkwe

Mwezi uliopita nilirudi Tukuyu kwa harusi ya binamu yangu, na mvua, kama unavyoijua, haikuuliza kama nina mwavuli. Nikajibanza kwenye baraza ya duka moja pale mtaa wa Bagamoyo, hukohuko Tukuyu. Mwenye duka akanitazama, akanitazama tena, kisha akasema, "Wewe si mtoto wa Mama Hereni?" Nilicheka mpaka nikasahau baridi. Jina hilo sikuwa nimelisikia tangu tulipomzika mama.

Mama Hereni hakuianza kazi ile ya kutengeneza hereni kwa kupenda. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka yanajaa, na wakati huohuo baba akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Mama alikuwa binti wa fundi wa vito aliyetoka pwani akalowea Tukuyu, na urithi wake wote ulikuwa koleo, tupa na nyundo ndogo. Akaviweka kwenye meza ya jikoni, nyumbani kwetu Bulyaga. Dhahabu hatukuwa nayo, kwa hiyo alitumia vitu vya zamani: senti za mkoloni zenye tundu katikati, shanga zilizokatika uzi, vifungo alivyovinyofoa kwenye makoti ya mitumba, na shaba. Shaba ndiyo aliyoipenda hasa. Wazee wa Kinyakyusa walikuwa wakivaa mapete mazito ya shaba kiunoni, na watoto wao waliyakuta darini wakayaleta kwa mama kubadilishana na shati.

Kuisugua ilikuwa kazi yangu. Ndimu na majivu, ndimu na majivu, mpaka vidole vinawasha, huku ndizi zinatokota na nyundo ya mama inagonga taratibu. Bibi mzaa baba, aliyekuwa akiishi nasi, alikaa karibu na moto akinung'unika: "Mnawavua wazee, mnawavika watoto. Mmeuliza ni za nani?" Mama alimjibu kwa heshima kwamba shaba haina kabila. "Haina kabila," bibi akasema, "ila ina mwenyewe."

Hapa nikukumbushe jambo moja. Kwetu zamani mke hakukutana na baba mkwe wake. Akimwona njiani alichepuka migombani na kujifunika. Jina lake hakulitaja, na kitu kilichogusa mwili wake hakukigusa. Mama aliyajua hayo kwa kusikia tu, maana babu alifariki kabla yeye hajaolewa. Hakuwahi kumkimbia mkwe hata siku moja.

Basi kijana mmoja kutoka kijiji cha Kinyala akaleta pete nene ya kiunoni. Mama akaikata, akaifua, akatengeneza hereni pana za duara. Alama za tupa zilizokuwamo aliziacha, kwa sababu aliona uzee wake ndio uzuri wake. Siku ya soko zikanunuliwa na mke mmoja aliyeolewa karibuni. Alizivaa hapohapo, akajitazama kwenye kioo chetu kilichopasuka, akakataa kuzivua. Nilimwonea wivu mno.

Hazikupita siku nyingi akarudi analia, hereni amezifunga kwenye kitambaa. Kumbe yule kijana aliyeleta pete alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, na mama mkwe amezitambua zile alama. Pete ilikuwa ya baba mkwe. "Nimemvaa mkwe masikioni, mama," alisema. Amerudishwa kwao mpaka wazee waamue, na wengine wameshaanza kusema asirudi kabisa. Mama aliweka nyundo chini. Sikuwahi kumwona amenywea namna ile. Bibi, ambaye nilitarajia aseme "niliwaambia," alinyanyuka akatafuta kanga yake ya kutokea. "Twende Kinyala," alisema.

Tulikwenda kwa miguu, bibi mbele, mimi nimebeba jogoo wa kuombea msamaha. Yule mke alitufuata mpaka karibu na nyumba, akabaki migombani amejifunika. Mzee alitoka, mrefu, mkavu. Mkewe na ndugu zake wamekaa barazani, nyuso wamezikunja. Mama akapiga magoti. "Baba, kosa ni langu. Sikuuliza." Mzee alizipokea hereni, akazigeuzageuza kiganjani, akapitisha kidole kwenye zile alama. Aliendelea hivyo mpaka jogoo akaanza kunichosha mikono.

Kisha akasema kwa sauti kubwa, isikike hadi migombani: "Hii si yangu. Yangu ilipotea zamani. Hii ilikuwa ya mama yangu. Mke wa mjukuu akivaa shaba ya bibi, kuna neno hapo?" Mkewe alifungua mdomo, akaufunga. Nani atabishana na mtu juu ya mama yake mzazi? Mzee akakata kipande cha jani la mgomba, akakitandaza njiani, akaziweka hereni juu yake, akaingia ndani na kufunga mlango. Kumpa mkononi asingeweza. Yule mke akatoka migombani, akaziokota, akazivaa, akaenda moja kwa moja jikoni kwa mama mkwe wake.

Tulirudi, bibi tena mbele. Tulipokaribia Bulyaga akaanza kucheka peke yake. "Mama yake nilimfahamu vizuri," alisema. "Mtu wa misheni tangu usichana. Shaba hakuivaa mpaka anazikwa."

Mama akasimama katikati ya njia. "Kwa hiyo ulijua palepale?"

"Nilijua. Na mkewe naye alijua. Tembea, mvua inakuja."

Mama aliendelea na kazi miaka kadhaa, akimuuliza kila aliyeleta shaba ni ya nani, mpaka hereni za plastiki zikajaa sokoni na hakukuwa na wa kumuuliza. Siku hizi wakwe na wake za watoto wao wanakaa kochi moja wakitazama televisheni. Mimi mwenyewe nilimuuguza baba mkwe wangu, nikamlisha kwa mkono wangu, na sitamani kurudi kujificha migombani. Lakini yule mzee wa Kinyala nampenda hadi leo. Alidanganya mbele ya ndugu zake wote, akamsingizia mama yake marehemu, ili mtoto wa watu arudi nyumbani. Na jinsi hereni zile zilivyompendeza yule mke, mzee hakuwahi kuona.