Moto wa Kupashia Ngoma

Ambakisye alikuwa amechuchumaa kwenye moshi, anaigonga ngoma kwa kidole na kuitegea sikio kama imeshakaza, kombora lilipotua. Nilimwona, halafu sikumwona. Mimi nilikuwa nafunga njuga mguuni, na mguu huohuo ndio uliopigwa. Watu wanasema alikufa vitani. Hapana. Alikufa kwa amri ya mtu, na mtu huyo nitamtaja.

Mimi nimeishia darasa la nne, Ilula. Kazi ya ngoma niliianzia Uyole nikiwa msichana, kwenye kikundi cha Lazaro Kyando, tuliyemwita Kiongozi. Siku ya kwanza alinitazama nikicheza, akasema, "Wewe dada, unacheza au unaua mende?" Wote wakacheka. Ambakisye, kijana wa Igawa, mpigaji wetu mkuu, akaninong'oneza: "Usimwangalie yeye. Sikiliza huku kwangu, miguu itafuata." Ikafuata, miaka yote.

Nyie vijana mnaopiga muziki kwa kompyuta, niwaeleze. Ngoma zetu ni za ngozi ya ng'ombe. Ngozi ikiingia unyevu inalegea, ukiipiga inalia kama gunia la mahindi. Kwa hiyo kabla ya kucheza tunazipasha motoni, taratibu, mpaka ngozi ikaze. Kwa baridi yetu ya Mbeya hata kiangazi tunapasha. Kupiga ngoma iliyolegea mbele ya watu ni aibu kubwa, hata mlevi anaondoka.

Tulizunguka kote, Mbeya, Iringa, sherehe za serikali, harusi za wakubwa, hadi tukaitwa ng'ambo ya ziwa kuwaburudisha askari wetu waliopelekwa kulinda amani. Aliyetupokea ni Afisa Burudani, Kapteni Chengula, mpole wa kusema, anayependa kila kitu kiende haraka. Kambi ilikuwa tope tupu. Askari walikuwa watoto wadogo wenye sura za wazee. Mmoja aliposikia tumetoka Mbeya alikuja mbio: "Dada zangu, disko tunalo kwenye simu. Tuchezeeni ya kwetu. Nimesahau hata harufu ya Tukuyu."

"Harufu ya Tukuyu ni ndizi na tope," Ambakisye akamjibu. "Tope mnalo. Ndizi sijabeba." Yule kijana alicheka mpaka akalia, na hakuona haya.

Sajenti wa ulinzi alituonya siku hiyohiyo: moto ni jikoni tu, kwa mkaa, ndani ya kuta. Waasi walikuwa mlimani, na walikuwa wanalenga moshi. Tukatii. Kila onyesho Ambakisye alibeba ngoma zake hadi jikoni, anapasha huku wapishi wanamtania kwamba anachoma nyama isiyoiva.

Siku ya mwisho wakaja wageni wakubwa na watu wa kamera. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ngoma zimelegea kabisa. Ambakisye akaanza kuzibeba kwenda jikoni, upande wa pili wa kambi. Kyando akamzuia.

"Wapi tena? Wageni wameshakaa. Washa hapahapa nyuma ya jukwaa."

"Kiongozi, sajenti amekataza."

"Sajenti ndiye aliyekuleta huku? Washa, nimesema. Au nimtafute mpigaji mwingine?"

Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulipanda mweupe, mnene. Kapteni Chengula akapita, akakohoa, akautazama ule moshi. Nikamsikia kwa masikio yangu: "Fanyeni haraka." Akaenda kukaa na wageni. Basi.

Mimi nililala hospitali muda mrefu. Niliporudi nikakuta maneno yameshazikwa pamoja na maiti. Nilisimuliwa kwamba msibani Igawa, Kyando alisimama akawaambia watu kwamba marehemu alikuwa mbishi, aliwasha moto kinyume cha amri. Wachezaji wenzetu wawili waliumia siku ile, na ndugu zao mpaka leo wakikutana na mama yake Ambakisye sokoni wanageuza uso. Mama amezeeka akiamini mwanawe aliwaponza wenzake. Nilimweleza nilichosikia. Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, wewe unampenda, ndiyo maana unasema hivyo."

Siwezi kucheza tena. Nauza nyanya Ilula, barabarani, nimekaa kwenye kigoda kwa sababu ya mguu. Kyando bado ana kikundi, na sasa anafundisha watoto. Husimamisha gari kwangu, ananyoosha mkono dirishani bila kushuka, anauliza nyanya tu.

Sasa nauliza mimi. Lazaro Kyando, nani alisema washa? Kapteni Chengula, uliona moshi au hukuona? Msinijibu mimi. Nendeni Igawa, mkae chini mbele ya yule mama, majirani wakiwepo, mumwambie. Na mwende angali anasikia.