Fimbo ya Bahari Huku Tetu

Kaka yangu Ngatia alikuwa askari jela Pwani karibu maisha yake yote ya kazi, na huko ndiko alikojifunza dhambi ambayo Tetu, kwetu milimani, haikuwahi kumsamehe: kuvua samaki na kuwala. Mama yetu alimkataza kutia samaki kwenye sufuria yake. Njoki alipoolewa naye akaendeleza marufuku ile ile, hata kisu cha kuparia magamba akakitupa chooni. Kila alipokuja likizo na samaki wake wakavu, Ngatia aliwapika nyuma ya zizi na kula peke yake, watoto wa majirani wakimchungulia kana kwamba anakula nyoka. Siku moja nilienda nikaketi naye nikaonja. Chumvi ilikuwa nyingi mno, lakini nilimaliza, maana nilimwonea huruma.

Alistaafu akarudi kwa ng'ombe na majani chai. Si mtu wa kulalamika, na hilo ndilo kosa lake. Alitaka jambo moja tu, na sote tulilijua: asimame tena juu ya mawe ya Kilifi, arushe mshipi upite mawimbi, kabla bega lake la kulia halijakufa. Lilikuwa limeanza kukaza. Daktari alimwambia kwamba lingezidi kukaza, afanye mazoezi asifanye.

Mwanawe Theuri, mwenye kazi nzuri Nairobi na mdomo mzuri zaidi, akapiga simu. Desemba familia nzima ingeenda Pwani, akasema; mzee achague fimbo ya kuvulia anayoitaka, yeye atalipa. Ngatia alinipa habari hizo akiwa amesimama mlangoni kwangu, hata kuketi hakuweza. Nami nikafurahi, mjinga mimi.

Tukaenda Nanyuki kwa Gicheru, anayeuza vitu wanavyoacha wanajeshi wa kigeni wakimaliza mazoezi yao: buti, mahema, magodoro ya kupuliza na, ndani ya pipa pembeni, fimbo za kuvulia. Gicheru alichomoa moja fupi, nyepesi, akaisifu sana. Alisema hiyo ndiyo inayonunuliwa na wote wanaovua trauti kwenye mito ya mlimani. Ngatia akairudisha pipani.

Ya mtoni ni ya mtu aliye karibu na samaki, akamweleza. Kwenye mawe ya bahari samaki yuko mbali, nyuma ya mawimbi, na kati yako na yeye kuna miamba inayokata mshipi. Fimbo sharti iwe ndefu ndipo iuinue mshipi juu ya miamba hiyo. Shina liwe gumu, liweze kurusha uzito. Ncha iwe laini, kwa sababu ncha ndiyo inayokuambia kama ni samaki anayegusa chambo au ni wimbi tu. Kisha akaomba pamba, akaipitisha ndani ya kila pete ambamo mshipi hupita. Palipo na ufa pamba hunasa, na ufa huo huo ndio hukata mshipi samaki mkubwa akivuta. Fimbo kadhaa zikaanguka mtihani huo.

Zikabaki mbili, moja ndefu kabisa na moja ya wastani. Nyuma ya duka palikuwa na uwanja. Ngatia akafunga plagi kuukuu ya gari mwishoni mwa mshipi, kama wafanyavyo Pwani wakikosa risasi ya kuzamishia mshipi, akairusha kwa ile ya wastani. Ikaanguka katikati ya uwanja, na yeye hakukunja uso. Kisha akachukua ndefu. Plagi ilipaa, ikavuka ua, ikakosa kidogo kumpiga punda wa muuza maji. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Nilipogeuka nilimwona ameshika bega, macho yamemjaa machozi.

Nikamwambia mbele ya Gicheru achukue ile ya wastani, aache ujana.

"Watiri, mawe ya huko haijui nimezeeka," akasema. "Nikienda na hii ingine nitakuwa tu nalisha miamba."

Akachukua ndefu. Nilinuna njia nzima, ingawa moyoni nilijivunia kaka yangu.

Tangu siku hiyo, kila jioni alishuka kwenye shamba la napia, nyasi za ng'ombe, kulainisha bega, akirusha ile plagi na kuivuta. Majirani wakasema Ngatia anavua nyasi. Alicheka nao.

Desemba ikafika, na Theuri akaja na mkewe Lynn, watoto wao, na wazazi wa Lynn ambao hakuna aliyetuambia watakuja, tayari wameketi vizuri garini. Mfanyakazi wa ng'ombe alikuwa ameenda kwao Krismasi. Ng'ombe alikuwa amezaa juzi juzi, maziwa yamejaa, na ng'ombe huyo humpiga teke kila asiyemzoea. Nilijitolea kukamua. Njoki akanikumbusha kwamba mimi pia nilishapigwa, na ni kweli. Njoki mwenyewe, aliyeikebehi bahari miaka yote, alikuwa ameshasuka nywele na kununua rinda la ufuoni. Basi sote tukajua nani atabaki. Hubaki yule asiyelalamika.

"Baba, wewe umeona bahari miaka yote," Theuri akamwambia kwa upole. "Hawa hawajai iona. Mwaka ujao ni wewe."

Halafu akaomba fimbo. Ngatia akampa, ikiwa ndani ya mfuko wake, akamwonyesha jinsi ya kuziosha pete kwa maji baridi zisiliwe na chumvi. Nilitamani kumzaba Theuri kofi. Ni mwana wa ndugu yangu, nimembeba mgongoni, na bado nilitamani.

Walirudi baada ya mwaka mpya, wamependeza kwa jua. Lynn alinionyesha picha kwenye simu. Fimbo ya Ngatia ilikuwa imechomekwa mchangani mbele ya hoteli, nguo za watoto za kuogelea zimeanikwa juu yake. Ncha ilikuwa imevunjwa na mlango wa gari wakati wa kurudi. Theuri aliikabidhi akicheka kidogo, akaahidi kununua nyingine, hata mbili akitaka.

Kufikia siku hiyo Ngatia hakuweza tena kuinua mkono wa kulia hadi sikioni. Baridi ya alfajiri za kukamua ilikuwa imemaliza bega. Aliigeuza fimbo kwa mkono wa kushoto, akatazama mahali ilipovunjika, kisha akamtazama mwanawe.

"Mimi sikuwa nataka fimbo, Theuri. Nilikuwa nataka kwenda."

Lynn alisema chai inapoa. Njoki akamwomba mumewe asiwaharibie watoto siku. Ngatia akaiegemeza fimbo ukutani, akachukua ndoo, akaenda kukamua, kazi ambayo haimhitaji mtu kuinua mkono.