Punje za Kwenye Fundo la Kitenge

Mama yangu alikuwa na pua ambayo sisi wanawe tuliiogopa kuliko fimbo ya baba. Ukila kwa jirani, ukirudi anajua, na mboga uliyopewa anakutajia. Pua hiyohiyo ndiyo iliyotulisha. Miaka yote niliyomjua alichambua kahawa katika kiwanda kidogo cha kukoboa, nje ya mji wetu wa Kamembe. Walikuwa wanawake kumi na wanane kwenye meza moja ndefu, na kazi yao ilikuwa kutoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizochachuka, wakizitupa kapuni.

Kulikuwa na punje nyingine, mbaya kuliko zote. Huku kwetu kuna mdudu anayeuma tunda la kahawa likiwa bado mtini. Kwa macho, punje inaonekana nzima, lakini ukishaikaanga na kuitia maji ya moto inanuka kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi. Moja tu huharibu birika zima. Mama aliona kovu la mdudu yule, dogo kama ncha ya sindano, akaipeleka punje puani, basi, kesi imekwisha. Vitabu nilivyosoma vinasema harufu hiyo haisikiki kabla ya kukaanga. Mama hajasoma vitabu hivyo.

Mimi nilisoma Kigali, elektroniki na mawasiliano ya simu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa minara ya mtandao, na kila taa nyekundu iliyowaka juu ya kilima, kuanzia Mibirizi mpaka Gashonga, mama aliwaambia wenzake kuwa ni ya mtoto wake, hata ile ambayo sijawahi kuigusa. Baadaye kampuni iliyoniajiri ikaingia katika mitambo ya viwandani, ile inayojiendesha yenyewe kwa kamera na vihisio. Siku moja nikapewa faili la kazi mpya, nikakuta ndani yake jina la kiwanda cha mama.

Ningeweza kukataa. Sikukataa. Nilifurahi, na ni lazima niliandike hilo kabla ya mengine, kwa sababu watu wakisimulia makosa yao hupenda kusema walikuwa na huzuni tangu mwanzo. Mimi nilikuwa na furaha ya mtu aliyepewa chombo kipya.

Mtambo wenyewe ni rahisi kuueleza. Kahawa inateremka kwenye mfereji, inapita mbele ya kamera, na kila punje mbaya inapulizwa kando na hewa kabla haijashuka hata shubiri moja. Lakini kamera haizaliwi na akili. Lazima ifundishwe: uionyeshe punje nyingi nzuri na nyingi mbaya, zilizotengwa na watu wanaojua. Na waliojua walikuwa wale kumi na wanane. Mkurugenzi aliniita ofisini akaniambia niwape sampuli wachambue, niwaambie ni zoezi la ubora. Habari ya kazi yao kwisha angewaambia mwenyewe, wakati ukifika.

Asubuhi ya zoezi walikuja wamevaa vitenge vya Idi na vya kanisani. Nilishangaa, mpaka nikasikia uvumi uliokuwa ukizunguka: huu ni mtihani, na watakaofaulu watapewa mkataba wa kudumu. Mama mmoja aliyevuka mpaka kila alfajiri kutoka Bukavu ndiye aliyethubutu kuniuliza.

"Mutoto yetu, tuambie kweli. Ni examen? Benye batapita, njo batabakia?"

Nilimtazama mama. Yeye hakunitazama, alikuwa anapangusa sehemu yake ya meza kwa kiganja, kama mtu ambaye jibu analo tayari kwa sababu anayeulizwa ni mwanawe.

"Fanyeni vizuri tu," nikasema.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa maneno matatu.

Walichambua mpaka alasiri. Siku nyingine meza ile ilikuwa na kelele, umbea na nyimbo za kutoka ng'ambo ya mpaka, lakini siku ile ulisikia punje tu. Mama alipomaliza sinia lake alilirudia upya, punje kwa punje. Kisha akanikabidhi. "Angalia," akasema, "hakuna hata moja mubaya." Nikalipokea kwa mikono miwili, kama mwanafunzi.

Mtambo ulijifunza upesi sana. Mafundi wenzangu walishangaa, nami nikawaambia kwa maringo kwamba sampuli zetu zilikuwa safi mno. Kadiri wanawake wale walivyojitahidi kubaki, ndivyo walivyoharakisha kuondoka kwao, na mimi niliyejua hilo nilikuwa nimesimama katikati yao na kompyuta mkononi.

Walitangaziwa Ijumaa kwamba kazi imekwisha. Mkurugenzi alinituma nimwambie mama kuwa yeye peke yake anaweza kubaki, kazi yake iwe kumimina magunia juu ya mtambo. Nilimkuta anakunja aproni yake.

"Umwambie aksanti," akasema. "Siye tulianza pamoja na hawa bamama. Tutaenda pamoja."

Nyumbani alinipakulia ubwali, ugali wetu, na sambaza, dagaa wa ziwani, akanipa wale wakubwa. Hakuniuliza chochote. Nilitamani anigombeze, avunje hata sahani, nami nipate pa kulilia. Jirani yetu, ambaye naye alikuwa wa meza ile, alisema kwa sauti ng'ambo ya ua kwamba asante ya punda ni mateke. Mama akainuka mpaka kwenye ua. "Nyamaza. Mutoto wangu alifanya kazi yake." Neno hilo la kunitetea liliniuma kuliko teke lenyewe.

Baada ya hapo akaanza kukaanga sambaza uani kwa kuni, wa kuwauzia wanawake wanaovuka kwenda Bukavu. Asubuhi hadi jioni alikuwa ndani ya moshi na mafuta. Nilimnunulia jiko la gesi, akalifunika kitambaa akaliweka sebuleni.

Msimu ulipoisha, mnunuzi wa nchi za mbali akarudisha neno kwamba kahawa inanuka kiazi. Mkurugenzi akanipigia simu akiwa amekasirika. Nilikagua kila kitu: kioo cha kamera, taa, vali, mgandamizo wa hewa. Vyote vilikuwa sawa. Nikafungua picha za siku ya zoezi, zile ambazo mtambo ulijifunzia, nikazipitia siku mbili nzima nikitafuta kovu la mdudu. Sikuona hata punje moja yenye kovu, si kwenye nzuri, si kwenye mbaya. Nikatia kahawa ya kiwandani kwenye mfuko mdogo, nikaenda kwa mama.

Tangu langoni nilisikia harufu ya maharage yanayoungua. Mama alikuwa amekaa ubavuni mwa chungu, karibu kabisa, anamenya vitunguu. Nikakimbia kukiepua. Akashtuka. "Imeungua? Aa, ni mawazo." Nikaamini ni mawazo.

Nikamweleza shida ya mtambo. Alisikiliza, akaingia ndani, akarudi na kitenge chake cha Idi, kile alichovaa siku ya zoezi. Pembeni mwake kulikuwa na fundo. Akalifungua juu ya ungo, zikamwagika punje, kama konzi moja.

"Hizi hatuziwekaka mu kikapu," akasema.

Ndipo nikajua desturi ambayo nililelewa nayo bila kuiuliza. Kahawa ya kapuni, ile mbaya, hununuliwa na watu wa hukuhuku, wakaikaanga, wakanywa na watoto wao. Kuitia humo punje ya kiazi ni kumnywesha jirani uvundo. Kwa hiyo kila mchambuzi huifunga kwenye pindo la kitenge chake, na akifika kwake huitupa motoni. Siku ya zoezi walifanya hivyohivyo, tena kwa uangalifu zaidi, maana ulikuwa mtihani. Kamera haikuwahi kumwona adui yake.

"Mbona hamkuniambia, mama?"

"Haukutuuliza. Siye tulikuuliza, haukujibu."

Nikamuuliza kwa nini hizi hakuzitupa motoni. Akazichezea kwa kidole kwanza.

"Nilisema siku batanipa mkataba, nitakuonyesha. Ujue mama yako aliona ngapi."

Nililia pale uani, mtu mzima, moshi ukawa kisingizio changu. Nikamwambia yote: kwamba nilijua tangu ofisini kwa mkurugenzi, na kwamba maneno yale matatu niliyachagua. Akasema alijua. Alijua siku ileile, kwa jinsi nilivyolipokea sinia bila kumtazama usoni. Nikamwahidi nitarudi kwa mkurugenzi na kusema mtambo hauwezi bila wao, waitwe tena, wakae mwisho wa mfereji watoe kile ambacho kamera haikioni, na safari hii kwa mkataba. Nilichohitaji ni yeye aanze, anionyeshe zipi katika mfuko ule.

Alivuta ungo, akamwaga kahawa niliyoleta, na vidole vyake vikaanza kutembea kama zamani. Nikafurahi tena, Mungu anisamehe. Akachagua punje moja, akaipeleka puani. Akakaa nayo. Akaivunja kwa kucha, akaipeleka tena. Akachagua nyingine, na nyingine. Uso wake ulikuwa umetulia, lakini mkono ulikuwa unarudi puani mara nyingi mno.

Mwishowe akaninyooshea ile ya kwanza.

"Nusa weye," akasema taratibu. "Inanuka?"

Nikatazama moto wa kuni. Nikatazama chungu cha maharage yaliyoungua ubavuni mwake. Miezi yote ile ya moshi, na mimi nilikuwa nahesabu kosa langu kuwa ni kazi tu niliyomnyang'anya.

Nikainusa punje. Pua yangu haijawahi kuwa kitu. Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo, na uso wake ulikuwa unaningoja niseme ndiyo.

"Sijui, mama," nikasema. "Sisikii kitu."

Akatikisa kichwa kukubali. Akaichukua, akaifunga kwenye fundo pamoja na zile za zamani, kwa kuwa hakuwa na hakika, kisha akaniuliza kama maharage yameungua sana.